TUSIWE WAPAGAZI WA UVUMI

KILA mtumishi wa umma mwenye kompyuta au simu amekwisha kuupokea ujumbe huu, kama si mara moja basi mara nyingi. Unaanza kwa herufi kubwa: Tahadhari! Kuna kirusi kipya! Unasema kwamba ukifungua barua pepe fulani, au picha fulani, au video fulani, mashine yako itaungua, kumbukumbu zako zote zitafutika, na fedha zako zitatoweka. Unalitaja shirika kubwa la ng'ambo kuwa ndilo lililotoa onyo. Kisha unamaliza kwa amri: mpelekee kila mtu unayemjua, na umpelekee sasa hivi.

Mtumishi mwema, kwa kuwa anawapenda wenzake, hutii amri hiyo. Dakika chache baadaye onyo limekwisha kufika kwa walimu wa Bukene na Puge, kwa wauguzi wa Ndala na kwa makarani wa mjini Nzega. Wote wameshtuka, na wote wamelipeleka mbele. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeliandika, aliliandika lini, na ana ushahidi gani.

Leo tunapenda kuwaambia ndugu zetu watumishi wa umma na walimu kwamba hapa pana maadui wawili, na ni lazima tuwatofautishe. Adui wa kwanza ni virusi vya kweli vya kompyuta, ambavyo vipo na vinaharibu kazi ya umma. Adui wa pili ni uvumi wa virusi visivyokuwapo. Adui huyu wa pili ni rafiki mkubwa wa yule wa kwanza, kwani mtu anayeshinda akikimbizana na uvumi hapati nafasi ya kujikinga na hatari iliyo mlangoni pake.

Habari za njia panda

Tunaitaja Nzega kwa makusudi. Nzega ni njia panda. Barabara itokayo Singida kwa kupitia Igunga hufika hapo ikagawanyika: tawi moja huelekea kusini hadi Tabora, na jingine hupanda kaskazini kuelekea Shinyanga, Kahama na mipaka ya Rwanda na Burundi. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza hupita Bukene. Mji wa njia panda hupokea bidhaa za kila namna, na pamoja na bidhaa hupokea habari za kila namna.

Jambo hilo si geni katika nchi ya Wanyamwezi. Katika karne ya 19, kabla ya reli na magari, misafara ilitoka Bagamoyo ikafika Unyanyembe, palipo Tabora ya leo, ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, na nguo, shanga na nyaya kurudi bara. Walibeba pia barua na habari. Habari hizo nyingine zilikuwa za kweli na nyingine za uongo, na historia imetuachia mfano wa kila upande.

Mfano wa uongo ni huu. Mwezi Desemba 1866 mtu mmoja aitwaye Musa, kiongozi wa wapagazi kutoka kisiwa cha Anzwani, alifika Unguja na kutangaza kwamba Dk. David Livingstone ameuawa huko bara, upande wa Ziwa Nyasa. Alieleza jinsi alivyoshambuliwa, na akadai kwamba yeye na wenzake walirudi baadaye wakauzika mwili. Masimulizi hayo yalikuwa kamili na yenye kuhuzunisha, na wakubwa wa Unguja waliyaamini. Lakini Musa hakuleta karatasi, wala nguo, wala kitu chochote cha marehemu. Kweli ilikuwa kwamba yeye na wenzake walikuwa wamemtoroka Livingstone njiani, na walihitaji sababu ya kuwafikisha nyumbani na kuwapatia ujira wao. Mwaka 1867 Waingereza walilazimika kutuma msafara mzima, chini ya Edward Young, kwenda Ziwa Nyasa kuuliza kijiji kwa kijiji. Walikuta watu waliomwona Livingstone akipita, yu hai, mbele zaidi ya mahali alipodaiwa kufia.

Mfano wa kweli ulipita Unyanyembe penyewe. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Chuma na Susi pamoja na wenzao hawakuja na maneno matupu. Waliukausha mwili wakaubeba, pamoja na daftari na vyombo vyake, wakafika Unyanyembe Oktoba mwaka huo, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Ulipofikishwa London, daktari aliuchunguza akakuta katika mfupa wa mkono wa kushoto alama ya jeraha la simba ambalo Livingstone alilipata miaka mingi nyuma, kusini mwa Afrika. Hapo mjadala ukaisha.

Tofauti ya wajumbe hawa haikuwa katika ufasaha wao, wala katika ukubwa wa huzuni waliyoileta. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alitaka aaminiwe, na wengine walileta kitu cha kuchunguzwa. Kipimo hicho hicho ndicho tunachopaswa kukitumia leo mbele ya kila onyo linaloingia katika simu zetu.

Uongo uliovaa joho la onyo

Mwishoni mwa mwaka 1994, watumiaji wa barua pepe nchini Marekani walianza kupelekeana onyo kuhusu barua yenye kichwa cha "Good Times". Onyo lilisema kwamba kuisoma tu barua hiyo kungeharibu kompyuta, na kwamba Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ndiyo iliyotangaza hatari hiyo. Tume haikuwa imetangaza lolote, na kirusi hakikuwapo. Barua pepe za wakati ule zilikuwa maandishi matupu, na kuyasoma maandishi matupu hakuwezi kuiamrisha mashine kufanya jambo. Hata hivyo onyo lilienea ofisi kwa ofisi kwa miaka kadhaa, likirudi kila lilipodhaniwa limekufa. Kirusi pekee kilichokuwapo kilikuwa lile onyo lenyewe, nalo lilizaliana kwa mikono ya watu wema.

Mwaka 2001 uongo huo ulipiga hatua. Ulizuka ujumbe uliowaambia watu watafute ndani ya kompyuta zao faili liitwalo sulfnbk.exe, na wakilikuta walifute upesi kwa sababu ni kirusi kilichojificha. Watu walitafuta, wakalikuta kweli, wakafadhaika, wakalifuta. Kumbe faili hilo lilikuwa sehemu halali ya mfumo wa Windows wa wakati ule, na lilikuwamo katika kila mashine ya aina hiyo tangu ilipotoka dukani. Mwaka uliofuata mchezo ukarudiwa kwa faili jingine halali, jdbgmgr.exe, lenye picha ya dubu mdogo. Safari hii mwongo hakuhitaji kuandika programu yoyote ya kuharibu. Alimwamuru mwenye nyumba abomoe ukuta wake mwenyewe, naye akatii na kushukuru.

Mwaka 2006 ukaja uvumi wa mwenge wa Olimpiki utakaounguza diski nzima ya kompyuta, na kuanzia mwaka 2017 ukazunguka katika makundi ya WhatsApp uvumi wa video iitwayo "Martinelli" itakayoharibu simu bila tiba. Majina hubadilika, lakini wimbo ni ule ule.

Wapo watakaosema kwamba uvumi wa namna hii haudhuru mtu. Hatukubaliani nao. Tuchukue walimu 1,000, na tuseme kila mmoja anatumia dakika 3 tu kuusoma ujumbe, kushtuka, na kuupeleka kwa wenzake. Hizo ni dakika 3,000, yaani saa 50, zaidi ya wiki nzima ya kazi ya mtumishi mmoja, zimetupwa kwa ujumbe mmoja usio na maana. Na hasara kubwa kuliko saa hizo ni hasara ya imani. Watu wakitishwa mara kumi kwa uongo, mara ya kumi na moja, hatari ya kweli ikija, hawatainua hata kichwa.

Alama za mwongo

Mwongo wa aina hii ana alama zake, na mwalimu yeyote anayesahihisha insha za wanafunzi hawezi kushindwa kuzitambua.

Alama ya kwanza: ujumbe hauna tarehe. Unasema "jana" au "leo asubuhi", ili uwe mpya mwaka huu na mwaka ujao. Onyo la kweli la kitaalamu lina siku, mwezi na mwaka.

Alama ya pili: unataja jina kubwa bila anwani. Microsoft wamesema, polisi wamesema, BBC wametangaza. Wametangaza wapi? Mtu akienda katika tovuti ya chombo kilichotajwa asikute tangazo hilo, basi amekwisha kupata jibu.

Alama ya tatu: madhara yanatiwa chumvi kupita kiasi. Kirusi hakina tiba, kinaunguza mashine, ni kibaya kuliko vyote vilivyopata kutokea. Wataalamu wa kweli huandika kwa utulivu: hueleza ni mfumo gani unaoathirika, kwa njia gani, na masasisho gani yanayoziba tundu.

Alama ya nne, ambayo ni kubwa kuliko zote: ujumbe unakuamuru uusambaze kwa watu wote. Onyo la kweli hukuagiza ufanye jambo kwenye mashine yako. Onyo la uongo hukuagiza uwe mpagazi wake.

Alama ya tano: unakuhimiza ufanye haraka, kabla hujafikiri wala kumwuliza mwenzako, iwe ni kufuta faili, kubonyeza kiungo au kuweka nywila. Ujumbe unaokuzuia kuuliza una sababu ya kukuzuia.

Mbwamwitu wapo kweli

Hata hivyo tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba virusi ni hadithi. Mei 4, 2000, barua pepe yenye maneno ya mapenzi ilianza kuenea duniani kutoka Ufilipino. Ilikuwa na kiambatisho kilichojifanya kuwa barua ya kawaida, kumbe kilikuwa programu. Waliokifungua waliharibiwa mafaili yao, na kirusi kikajipeleka chenyewe kwa watu wote waliokuwa katika orodha zao za anwani. Mamilioni ya kompyuta ziliathirika. Ufilipino ya wakati ule haikuwa na sheria ya kuwashtaki wenye kosa hilo.

Mei 12, 2017, kirusi kiitwacho WannaCry kilizifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikadai fidia ya dola 300 ili kufungua mafaili ya kila mashine. Huko Uingereza hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwapo. Microsoft walikuwa wametoa masasisho ya kuziba tundu hilo mwezi Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Walioumizwa wengi ni wale ambao hawakusasisha mashine zao.

Na hapa kwetu hatuhitaji kwenda Uingereza kutafuta mfano. Mwalimu wa taaluma amechapa mtihani wa muhula, amechukua flashi yake na kwenda duka la steshenari kuchapisha. Flashi hiyo imechomekwa katika mashine ambayo tangu asubuhi imepokea flashi za watu hamsini. Akirudi shuleni anakuta folda zake zimegeuka kuwa alama za njia za mkato, na mafaili yamefichwa. Anaichomeka katika kompyuta ya mwalimu mkuu ili kupata msaada, na sasa kompyuta ya mwalimu mkuu nayo imeambukizwa. Humo mna maksi za wanafunzi, taarifa za fedha za ruzuku ya shule, na majina na namba za watumishi. Hakuna aliyepeleka onyo lolote kwa mtu yeyote, kwa sababu uharibifu wa kweli mara nyingi huingia kimya kimya.

Wananchi wa Nzega na wilaya jirani wanalijua fundisho hili kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maeneo ya mpaka wa Tabora na Shinyanga, wanakijiji walijiundia ulinzi wa Sungusungu ili kupambana na wezi wa ng'ombe. Silaha yao kubwa ilikuwa mwano, yaani yowe la hatari. Mwano ukipigwa, kila mwenye nguvu huacha jembe lake na kukimbilia unakotoka. Ulinzi wa namna hiyo hauwezi kudumu kama kila mtu anapiga mwano kwa sababu tu amesikia jani likitikisika. Na tukumbuke pia upande wa giza: katika mikoa hiyo hiyo vikongwe wasio na hatia wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni, baada ya minong'ono isiyo na ushahidi kugeuzwa kuwa hukumu. Jamii inayozoea kuamini bila kuuliza hulipa kwa damu. Ndiyo maana hatuliiti jambo hili kuwa dogo.

Kuchagua mlinzi

Baada ya kutofautisha uvumi na hatari, linakuja swali ambalo watumishi wengi hutuuliza: ni programu gani ya kukinga kompyuta, ambayo wengi huiita antivairasi, inayofaa kuchaguliwa? Hatutamnadia mfanyabiashara yeyote katika ukurasa huu. Tutataja kanuni, na kila mtu apime mwenyewe.

Kwanza, fahamu ulichonacho tayari. Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 ina mlinzi wake ndani, aitwaye Microsoft Defender, asiyedai malipo ya ziada. Kwa mwalimu wa kawaida anayesasisha mashine yake, mlinzi huyo ni mwanzo mzuri. Lakini mlinzi hawezi kuokoa nyumba yenye ukuta uliobomoka. Msaada wa kawaida kwa Windows 7 ulikwisha Januari 14, 2020, na kwa Windows 10 ulikwisha Oktoba 14, 2025, ila kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza ya muda. Mashine isiyopokea masasisho haifai kutunzia kazi ya umma, hata ikiwekewa antivairasi ya bei gani.

Pili, mlinzi wa saa zote awe mmoja tu. Wapo wanaoweka programu mbili au tatu wakidhani wameongeza usalama. Programu hizo hugombana, kila moja ikimshuku mwenziwe, na mashine hulemewa hadi kazi ikasimama.

Tatu, usiisadiki sifa inayotolewa na muuzaji. Zipo taasisi zinazopima programu hizi bila kuziuza, kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Hupima mambo matatu: programu inakamata virusi vingapi, inasingizia mafaili mangapi yasiyo na kosa, na inaipunguzia mashine kasi kwa kiasi gani. Yatazame yote matatu, na utazame matokeo ya vipindi kadhaa, kwani mwanafunzi hapimwi kwa jaribio moja.

Nne, pima masasisho kwa hali yako. Antivairasi isiyosasishwa ni askari mwenye picha za wahalifu waliokwisha kufa. Shule iliyo mbali na mtandao mzuri, inayonunua vifurushi kwa fedha kidogo, lazima iulize: masasisho ni makubwa kiasi gani? Je, yaweza kupakuliwa mara moja katika kompyuta moja safi na kupelekwa kwa nyingine kwa flashi? Kwa Microsoft Defender jambo hilo linawezekana.

Tano, jihadhari na cha bure na cha wizi. Cha bure si lazima kiwe kibaya, lakini uliza mwenye nacho anaishi kwa nini. Kampuni ya Avast, iliyokuwa ikiwagawia watu mamilioni programu ya bure, iligundulika kwamba kampuni yake tanzu iitwayo Jumpshot iliuza taarifa za safari za watumiaji katika mtandao. Biashara hiyo ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5. Ama programu ya kulipia iliyovunjwa leseni na kuuzwa kwa bei ya soda, hiyo ni kumwajiri mwizi awe mlinzi wa usiku. Aliyeivunja leseni hiyo amekwisha kuingia ndani yake kabla yako.

Sita, usinunue kwa mtu aliyekutisha. Unatembelea tovuti, ghafla kioo kinapiga kelele kwamba mashine yako ina virusi 300 na kwamba ulipe sasa ili isafishwe. Huo ni ulanguzi wa hofu. Mwaka 2008 Serikali ya Marekani iliwafikisha mahakamani walanguzi wa aina hiyo, waliokuwa wamewadanganya watu zaidi ya milioni moja wanunue tiba ya ugonjwa usiokuwapo, na mwaka 2012 mahakama iliamuru hukumu ya dola milioni 163. Misafara ya zamani ilitozwa hongo ili ipite katika nchi za watu, lakini angalau iliyelipa ilipita. Anayemlipa mlanguzi wa hofu hapiti popote.

Saba, na hili ndilo la mwisho kwa makusudi: antivairasi si mbadala wa nakala ya akiba. Julai 19, 2024, masasisho yenye kasoro ya programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike yaliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, zikiwamo za viwanja vya ndege na hospitali. Aliyewaangusha siku hiyo alikuwa mlinzi wenyewe. Kwa hiyo maksi, hesabu na orodha za watumishi ziwe na nakala katika kifaa kingine kisichochomekwa katika kompyuta wakati wote, na nakala hiyo ijaribiwe mara kwa mara kama inafunguka.

Wajibu wa kila mmoja

Tunatambua kwamba mtumishi mmoja mmoja hawezi kubeba mzigo huu peke yake. Kompyuta za ofisi za umma si mali binafsi, na mtumishi hana ruhusa ya kuziwekea programu atakayo. Halmashauri zina maafisa TEHAMA, na nchi ina Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Mamlaka ya Mawasiliano nayo inayo timu ya kitaifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, ijulikanayo kama TZ-CERT, na imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa matapeli wa simu. Hizo ndizo njia halali za onyo. Mtumishi anayepata onyo asilipeleke kwa watu mia mbili. Alipeleke kwa mtu mmoja, naye ni afisa TEHAMA, na afisa huyo athibitishe au akanushe kwa maandishi yenye tarehe. Na huyo afisa awe anapatikana. Afisa asiyejibu barua za walimu wa vijijini kwa wiki tatu ndiye anayewalazimisha kusikiliza uvumi.

Tukumbushe pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa mtu anayechapisha habari akijua kuwa ni za uongo. Lakini hatupendi watumishi wetu waache uvumi kwa kuogopa hakimu. Tunapenda waache kwa sababu wanajua.

Viongozi wa halmashauri nao wana deni. Haifai kununua kompyuta kwa sherehe na hotuba, kisha kusiwepo fungu la leseni, la masasisho wala la mafunzo. Taifa letu limekwisha kulipa ada ya somo hilo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu kuvurugika, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Hatusemi hayo ili kuwalaumu wazee wetu. Walikutana na mashine ambayo wataalamu wetu wenyewe walikuwa wachache mno kuiendesha, na kazi ikawa mikononi mwa wageni. Fundisho ni kwamba mashine usiyoielewa itakuendesha, na marufuku haimfundishi mtu kuiendesha. Elimu pekee ndiyo iwezayo.

Na elimu hiyo haihitaji fedha nyingi. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya wananchi katika vikundi kando ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Kwa nini walimu wa kata moja wasikae saa moja kila muhula, wakapitia pamoja ujumbe walioupokea, wakautenga wa kweli na wa uongo, wakasasisha mashine zao na kutengeneza nakala za kazi zao? Chuo cha Ualimu cha Ndala kimo humo humo Nzega. Mwalimu mtarajiwa anayefundishwa kupima maksi za mtoto afundishwe pia kupima habari.

Wapagazi wa Unyamwezi walisifika kwa nguvu na uaminifu, na katika biashara yao mzigo ulikabidhiwa kwa hesabu na kupokewa kwa hesabu. Sisi tulio warithi wa njia yao tumerahisishiwa kazi kiasi kwamba kidole kimoja hutosha kuubeba mzigo hadi kwa watu elfu. Basi kabla ya kuutua katika mlango wa jirani, tuufungue tuone kilichomo. Ukija ujumbe wa kutisha usio na tarehe, usio na mwenyewe na usio na ushahidi, uishie kwako. Muda ambao ungeutumia kuueneza, utumie kusasisha mashine yako.